Hati Safi ya Ng'ombe Sitini

Nilipowaambia majirani zangu wa Nyasho kwamba nasomea shahada ya pili, na kwamba utafiti wangu ni kuhusu wakaguzi wa hesabu na kwa nini wizi unapita mbele ya macho yao, dada mmoja anayeuza vitenge nyumba ya pili alicheka mpaka akashika fremu ya mlango. "Yaani unalipa ada ili uambiwe kwamba watu wanaibaga?" Nikamwambia, dada yangu, kwamba watu wanaiba hiyo naijua bure. Ninacholipia ni kujua nani abebe lawama pale aliyelipwa kutazama asipoona. Akasema hiyo hata yeye angenifundisha kwa bei ya kitenge kimoja. Nikaondoka nimenuna.

Nina hasira za karibu, nakiri. Na najivuna, nakiri hiyo pia. Nilizaliwa Kiriba, kwenye nyumba ya ng'ombe na mihogo, nikawa mtoto wa kike wa kwanza katika ukoo wetu kushika cheti cha uhasibu, na mama yangu alikibeba kile cheti mpaka kanisani kikaombewa mbele ya watu wote. Kwa hiyo usinitegemee nisimulie habari hii kwa sauti ndogo. Kuna mahali nitajiaibisha, lakini hata hapo nitasimama wima.

Ofisi yetu ilikuwa chumba kimoja na nusu pale mjini Musoma, upande ambao upepo ukigeuka unaleta harufu ya dagaa kutoka mwaloni Mwigobero. Tulikuwa wawili tu. Mmoja ni mimi. Mwingine ni mzee aliyenifundisha kazi, mkaguzi mwenye leseni yake, shati limepigwa pasi kila siku, na kalamu ya wino wa kijani ambayo hakumwazima mtu. Mimi nilikuwa msaidizi wake: nakwenda, nahesabu, naandika, yeye anasoma, anaweka tiki zake za kijani, halafu anatia sahihi na muhuri. Alikuwa anapenda kusema kwamba kwa miaka yake yote hajawahi kuitwa na bodi inayosimamia wahasibu hata kwa chai. Alisema hivyo kwa kila mteja mpya, na mimi niliyesikia mara mia bado nilikuwa natabasamu.

Asubuhi moja ya Jumatatu akaingia mama mmoja, mjane, mkulima wa pamba kutoka vijijini Bunda. Alivaa kitenge kipya cha safari na mkononi ana mfuko wa plastiki. Akamwamkia mzee vizuri, akakaa, akafungua mfuko, akatoa ripoti yetu ya ukaguzi iliyokunjwa mara nne.

"Mzee, hii sahihi ni ya nani?"

"Ni yangu, mama."

"Na hapa pameandikwa mitamba sitini ya ushirika wetu ipo?"

Mzee akavaa miwani, akasoma. "Ndiyo. Sitini."

"Basi naomba unionyeshe wa kwangu."

Ngoja nieleze. Ule ulikuwa ushirika wa wafugaji. Walipewa msaada wa mitamba, ng'ombe majike ambao hawajazaa, wakawaweka kwenye mazizi mawili, moja upande wa Butiama, lingine upande wa Bunda. Mwanachama zamu yake ikifika anapewa mtamba mmoja, na huyo mtamba akizaa, mwanachama anarudisha ndama wa kwanza kwa ajili ya mwenzake. Zamu ya yule mama ilikuwa imefika. Alipokwenda akaambiwa na mwenyekiti asubiri. Akasubiri msimu mzima wa pamba. Aliporudi akakuta zizi la Bunda tupu, na ukutani pa ofisi ya ushirika imebandikwa ripoti yetu inayosema kila kitu kiko sawa. Sisi katika kazi tunaiita hati safi. Yeye aliibandua ukutani mbele ya katibu, akapanda gari mpaka Musoma.

Alisema haya yote bila kupandisha sauti, ndiyo maana yalituingia. Halafu akatuambia kilichobaki: wanachama wamepata wakili. Watakutana baada ya wiki tano. Wakikubaliana, watamshitaki mzee mahakamani kwa uzembe, awalipe fidia, na watampeleka kwenye bodi afutiwe leseni.

Alipoondoka mzee alikaa na ile ripoti mkononi, kipande cha gundi ya ukutani bado kimenata kwenye kona. Chapati zake zikapoa. Nilimwambia mama anakuza mambo, wakili anatafuta ulaji, mwenyekiti ndiye mwizi, sisi tunahusikaje? Akanijibu polepole, "Wakiniondolea leseni mimi nitakuwa nani? Mzee mwenye kalamu ya kijani." Nyumba yake anayokaa na mkewe ndiyo mali pekee aliyokuwa nayo ya kulipa fidia. Hakuitaja. Hakuwa na haja ya kuitaja, nilikuwa nimekula pale Krismasi zote tangu niajiriwe.

Jioni hiyo nikampigia simu mhadhiri anayesimamia utafiti wangu. Yeye yuko chuoni, mbali, na ni mtu wa maneno machache yenye miiba. Nikamwambia nabadilisha mfano nitakaouchunguza. Nimepata kesi hai ya ushirika, mkaguzi anatuhumiwa, nami nina majalada yote mkononi.

"Mkaguzi mwenyewe ni nani?"

"Ni bosi wangu."

"Unafanya utafiti au unamtetea mtu?"

"Vyote viwili, Daktari."

Akanijibu kwa miiba yake ile ile: "Haya. Lakini utaandika utakachokikuta, siyo ulichokifuata. Na jina lako kwenye hiyo ofisi liandike ukurasa wa kwanza." Nikasema sawa, kwa sababu nilikuwa na uhakika wa nitakachokikuta.

Wiki mbili za kwanza nilisoma kama mtu aliyechanjwa dawa ya kusoma. Na nilichokisoma kilinifurahisha sana. Sheria haimtaki mkaguzi atoe dhamana kwamba hakuna wizi. Inamtaka awe mwangalifu kiasi ambacho mkaguzi mwenzake wa kawaida angekuwa mwangalifu. Kama wezi wamekula njama, mwenyekiti na katibu na wachunga ng'ombe wote wamesema neno moja, basi udanganyifu wa namna hiyo unaweza kumpita hata mkaguzi hodari, na hapo halaumiwi. Kuna sharti moja tu. Kama dalili ilikuwepo mbele ya macho yake, naye akaipita, basi huo ni uzembe, na anaubeba yeye.

Nikaandika kurasa kumi na mbili kwa mkupuo. Njama ilikuwepo, nikaonyesha. Dalili haikuwepo, nikasema nitathibitisha kwa jalada letu la kazi. Nilimsomea mzee baadhi ya aya, akasikiliza macho yamefumba, na kwa mara ya kwanza tangu ile Jumatatu akala chapati zake zote. Nilijiona mimi ndiye wakili, mimi ndiye profesa. Niliporudi Nyasho nilimpita yule dada wa vitenge kichwa juu, bila hata kumsalimia.

Baada ya hapo ilibaki kulifungua jalada lenyewe.

Lile jalada nililijua kwa sababu nililiandika mimi. Kanuni yetu ni kwamba kuhesabu mali za namna ile wanakwenda watu wawili, na kama mali ziko sehemu mbili zinahesabiwa kwa wakati mmoja, ili kitu kisihame. Mwaka ule mzee alikuwa na kazi ya shule moja hapo mjini, tarehe zikagongana, akanituma peke yangu. "Wewe ni mtoto wa wafugaji," aliniambia, "ng'ombe hawawezi kukudanganya." Mimi nikavimba kichwa.

Siku ya kwanza nikaenda zizi la upande wa Butiama. Mwenyekiti alinipokea kwa heshima zote, ugali, nyama, soda ya baridi. Kisha akaniambia kitu ambacho hakuhitaji kuniambia, kwa sababu nimekulia ndani yake: kwetu huwahesabu ng'ombe wa mtu kwa kuwanyooshea kidole. Huwapiti mmoja mmoja ukiwagusagusa masikio mbele ya mwenye zizi. Ni kama kumwambia hadharani kwamba ni mwongo, na kuna wanaoamini unawaletea balaa wanyama wenyewe. Unasimama pembeni ya lango, wanatoka, unahesabu kimoyomoyo. Baba yangu alikuwa akihesabu hivyo. Kwa hiyo nikasimama pembeni, adabu imenijaa, macho kwenye karatasi, kila anayepita naweka kijistari. Thelathini. Nikapiga picha mbili tatu za kuonyesha kwamba nilifika.

Mwenyekiti akaniomba radhi kwamba kesho yake hatuwezi kwenda zizi la Bunda, kuna msiba. Nikasema poleni sana, msiba ni msiba. Nikarudi Musoma. Kesho kutwa yake nikaenda Bunda, nikasimama pembeni ya lango, nikaweka vijistari. Thelathini. Picha mbili tatu. Nikajumlisha sitini, mzee akatia tiki ya kijani, hati safi ikatoka.

Mkaguzi aliyetoka Dar es Salaam angekosa adabu. Angeingia zizini na viatu vyake vya mjini, angeshika masikio, angeuliza msiba ni wa nani na uko wapi. Tungemsema mwaka mzima. Na angekuwa sahihi.

Picha zile kwenye jalada zilikuwa ndogo, nyeusi na nyeupe, nilizibandika mwenyewe. Kwa ajili ya tasnifu nikataka za rangi, nikazifungua kwenye kompyuta. Ilikuwa Jumamosi saa sita mchana, mzee yuko nyumbani kwake, feni inazunguka. Ya kwanza ya Butiama ilikuwa ya mtamba mwekundu, ana baka jeupe ubavuni, pembe ya kushoto imeinama kuelekea kwenye jicho. Nakumbuka nilimpiga kwa sababu alikuwa mzuri tu. Nikaenda kwenye picha za Bunda. Lango. Ua. Mwenyekiti anacheka. Na nyuma ya bega la mwenyekiti, kichwa chekundu, pembe ya kushoto imeinama kuelekea kwenye jicho.

Nilisema kwa sauti, peke yangu, "Hapana." Nikakuza picha. Baka jeupe lile pale. Nikaanza kuwatafuta wengine, mmoja mmoja, sasa ndiyo natazama kama nilivyofundishwa utotoni: huyu ana kope nyeupe, huyu sikio limepasuka, huyu ana miguu ya nyuma ya kijivu. Nilipowafikia saba nikazima kompyuta. Ng'ombe walikuwa thelathini tu. Waliswagwa toka zizi hadi zizi ile siku ya msiba usiokuwepo, na mimi mtoto wa wafugaji niliwahesabu mara mbili.

Uelewe nilichokishika. Picha zile zilikuwa ushahidi mzuri kuliko wote kwamba mwenyekiti alidanganya. Bila hizo angesema ng'ombe walikuwepo sitini kweli, wakafa baadaye kwa ugonjwa. Lakini zilikuwa pia ushahidi kwamba dalili ilikuwepo, tena ndani ya jalada letu wenyewe, imebandikwa kwa gundi. Zikitoka, kurasa zangu kumi na mbili zinakuwa vifungio vya karanga, na mzee anakwenda na maji. Zisipotoka, yule mama anabaki na mfuko wake wa plastiki.

Nitasema kweli, maana nimeamua kusema. Nilikaa na kidole juu ya kitufe cha kufuta. Kwenye zile ndogo za jalada si rahisi mtu kumtambua ng'ombe, na hakuna mtu duniani aliyejua kwamba za rangi zipo. Nilijiambia mzee hastahili, mzee ni mwema, mwizi ni yule mwingine. Nikakasirika na mwenyekiti, nikamkasirikia yule mama kwa nini asingesubiri kidogo, nikaukasirikia utafiti wenyewe. Kisha nikajikuta nauliza swali lile lile la utafiti wangu, kwamba aliyelipwa kutazama asipoona, nani abebe. Nilidhani nawaulizia watu wengine, kumbe naiulizia meza yangu mwenyewe. Nikatia picha kwenye bahasha nikaenda nyumbani kwa mzee.

Alizitazama akiwa barazani, miwani imeshuka puani. Alitazama ya kwanza, ya pili, akarudi ya kwanza.

"Huyu ni yule yule."

"Ndiyo, mzee."

"Na wako wengine?"

"Nimewaona saba. Nadhani ni wote."

"Nisamehe mzee," nikaanza, na machozi yakanitoka, mimi nisiyelia hovyo. Akainua mkono ninyamaze. "Kanuni ya watu wawili niliivunja mimi. Ya kuhesabu sehemu mbili kwa wakati mmoja, niliivunja mimi. Msiba uliandika kwenye jalada, nikausoma, nikauwekea tiki." Akaniambia nikamletee jalada. Nilipolileta akachomoa ile kalamu, akaandika kwa kijani chini ya karatasi yangu ya kuhesabia: *Dalili ilikuwepo. Sikuiona.* Akatia sahihi.

Nikamwambia, mzee, maneno haya yatakuondolea leseni. Akanishangaa, kama vile mimi ndiye niliyezeeka. "Leseni nilipewa ili niseme kweli. Niitunze kwa uongo, niipeleke wapi?"

Siku ya mkutano tulikwenda Bunda na bahasha kubwa. Picha nilizikuza studio pale Musoma, kila moja saizi ya kalenda, na nililipia mwenyewe. Mkutano ulikuwa darasani, shule ya msingi, wanachama wamebanana kwenye madawati ya watoto, magoti juu. Mbele alikaa ofisa wa ushirika wa wilaya na wakili wao. Mwenyekiti alikuwepo na suti yake, ametulia kabisa. Mzee alikuwa ameandaa hotuba. Sikumpa nafasi. Ofisa alipouliza tu upande wa mkaguzi nani anaongea, nikasimama.

"Mimi ndiye niliyehesabu," nikasema. "Sahihi ni ya mzee, lakini macho yalikuwa yangu. Naomba mtazame hizi."

Nikabandika picha ubaoni, za Butiama kushoto, za Bunda kulia, na tarehe zake. Nikaeleza kwa kifupi. Wakaacha madawati, wakaja mbele. Mimi nilikuwa nimewatambua saba. Wale watu, haki ya Mungu, hawakumaliza hata dakika kumi. "Huyu huyu hapa!" "Na huyu mwenye kope, yuko pale nyuma." "Mama weee, na huyu!" Walifika kumi na saba kwa picha zile zile chache, na bibi mmoja asiyejua kusoma alimtambua ng'ombe kwa mgongo tu.

Mwenyekiti akasimama, akakohoa, akasema, "Ndugu wanachama, jamani, ng'ombe wanafanana."

Waliokuwa ubaoni wakageuka wote kumtazama. Unaweza kusema mengi mbele ya wafugaji wa Mara. Unaweza kusema mvua iliua, tembo wametoka hifadhini, benki imekosea. Lakini mfugaji kusema ng'ombe wanafanana? Baba mmoja wa makamo akauliza kutoka nyuma, sauti ya upole kabisa, "Na watoto wako nao wanafananaga?" Darasa likalipuka. Walicheka, wakapiga meza, na katikati ya kicheko kile nikaona mwenyekiti amekaa chini na haangalii mtu. Alijua kwamba amejimaliza. Katibu wake ndiye aliyeanza kusema, kabla hata ofisa hajamuuliza, mitamba ipi iliuzwa, ipi imefichwa kwa shemeji za mwenyekiti, na nani alipata nini. Polisi walikuja kumchukua mwenyekiti wiki hiyo hiyo.

Nilikuwa najiandaa kukaa, kifua kimejaa, ndipo yule mama mjane alipokuja mpaka mbele yangu.

"Binti, wewe ni wa wapi?"

"Kiriba, mama."

"Kwenu mna ng'ombe?"

"Tunao."

"Ulimuona huyu mwekundu Butiama. Ukamuona tena kesho kutwa hapa. Na hukumjua."

"Sikumjua, mama."

"Ulikuwa unatazama nini?"

"Karatasi," nikasema.

Kicheko kilikuwa kimekwisha. Hakuna mtu aliyenizomea, na ingekuwa nafuu wangenizomea. Nimewahi kuulizwa maswali na madaktari wa chuo, hakuna aliyewahi kunikata vile. Ndipo mzee akasimama, akamwambia yule mama aniache, kwa sababu nilimpelekea ushahidi ambao ningeweza kuufuta. "Nilimtuma peke yake mahali pa watu wawili. Sahihi ni yangu na kosa ni langu. Ada ya ukaguzi mliyonilipa nimekuja nayo, hii hapa. Na kwenye bodi msinipeleke ninyi. Nitakwenda mwenyewe."

Akaweka bahasha mezani, akakaa. Nilimtazama yule mzee wa watu, shati limenyooka, mikono juu ya magoti, na sijawahi kuona fahari kubwa namna ile kwa mtu ambaye si ndugu yangu wa damu.

Walipiga kura. Mahakamani wakasema hapana, kesi waielekeze kwa mwenyekiti na ng'ombe aliowaficha kwa shemeji zake. Kwenye bodi wakasema aende, kwa sababu sheria ni sheria. Na bodi ilimwita, ikamsikiliza, ikajibu kwa barua. Aliisoma amesimama, pale pale ofisini, kwa sauti. Kufungiwa mwaka mmoja. Akaikunja. "Mwaka mmoja," akasema. "Hata mimi ningetoa mwaka mmoja."

Tasnifu niliiandika upya kuanzia ukurasa wa kwanza. Sura ya nne ni mimi. Nimeandika pale, bila kujificha, kwamba mkaguzi mwenyeji ana hatari yake: anaheshimu mahali ambapo mgeni angeuliza. Nimependekeza mifugo ya ushirika iandikwe kwa sura, rangi na pembe na masikio, na siku ya kuhesabu wanachama wenyewe waitwe wawataje. Siku ya kuitetea mtahini mmoja aliniuliza kama sioni kwamba nimeiharibu kwa kuwa ndani yake. Nikamwambia, Daktari, ningekuwa nje yake mngesoma kurasa kumi na mbili za uongo mzuri. Nilifaulu. Yule dada wa vitenge alinipa kitenge bure, nami nikakipokea, ila nilimwambia vile vile kwamba siku ile alinikosea.

Mzee alikuwa na mwaka wa kukaa barazani. Alikuja ofisini kila siku hata hivyo, amepiga pasi, anapanga majalada ya zamani ambayo yalikuwa yamepangwa tayari. Kwa wateja wapya hakusema tena kuhusu bodi na chai. Aliwaambia amefungiwa na kwa nini, kabla hawajakaa. Wengine waliondoka.

Mwezi wa tatu wa kufungiwa kwake yule mama mjane akaingia tena, safari hii na wanachama wenzake wawili, wazee wa heshima. Wakaamkiana. Nikadhani ni kesi ya mwenyekiti, wanataka jalada, nikaanza kulitafuta.

"Hatukujia makaratasi," yule mama akasema. "Tumerudishiwa mitamba kumi na nane, na wale thelathini wapo. Tunataka mtu wa kutunza daftari lao. Aandike kila mmoja alivyo, nani kampata, nani karudisha. Tumekaa kikao, tumetaja majina mengi, tumebaki na moja." Akamgeukia mzee.

Mzee akadhani hawajui. "Mama, mimi nimefungiwa."

"Tunajua. Si ndio sisi tuliopiga kura uende?"

"Sasa kwa nini mimi?"

Akamjibu kama mtu anayejibu kitu kilicho wazi. "Mzee, kwenye huu ushirika tumewahi kuwa na wenyeviti watatu na makatibu sijui wangapi. Eti hakuna hata mmoja aliyewahi kukosea. Wewe ndiye mtu wa kwanza tuliyemsikia akisimama mbele yetu na kusema amekosea, halafu akaenda kuadhibiwa bila kusukumwa. Ng'ombe wetu tutampa nani mwingine?"

Mzee akavua miwani. Akaifuta kwa shati, akaivaa, akaivua tena. Wale wageni walisubiri kwa adabu, wakitazama sakafu. Mimi adabu nilikuwa nimeshajifunza pa kuiweka, kwa hiyo nikajibu kwa niaba yake.

"Anakuja," nikasema. "Anaanza Jumatatu."